Toa Nano, Hizo za Mbele

Hata leo nikipita karibu na daktari wa meno, aibu hunishika kabla ya maumivu, na yote nilijitakia mwenyewe. Ilikuwa 2008, Nakuru, na Jumamosi ile nilikuwa niende Keringet kujitambulisha kwa kina Chebet, mchumba wangu, lakini mimi (kichwa maji) nikafungua soda kwa meno mbele ya marafiki. Kifuniko kilibaki, jino la mbele likakatika nusu. Nani angempa kibogoyo binti yake?

Basi nikapanda ghorofa ya pili kwa daktari mmoja Mhindi, mama mpole, akanidunga sindano ya ganzi, mdomo ukafa. Nimelala pale nimeachama, jasho linanitoka, namsikia akimwambia msaidizi wake, "Sister, toa nano, hizo za mbele."

Mimi nikasikia nane. Toa nane, za mbele!

Niliogopa sijawahi. Nilitaka kuuliza lakini ulimi ulikuwa umelala, na msaidizi akafungua droo ya vyuma, basi nikaruka kutoka kitini na kitambaa chao shingoni, mate yakinichuruzika, nikapita katikati ya wagonjwa nikipiga kelele, "Anatoa nane!" (yalitoka "afafoa fafe"). Na mwaka ule mnaukumbuka, mji ulikuwa ndio kwanza umetulia baada ya fujo za uchaguzi, ukiona mtu anakimbia unakimbia kwanza, unauliza baadaye. Chumba kizima kikanifuata. Mzee mmoja mwenye kofia aliacha kiatu kwenye ngazi na hakurudi kukichukua.

Daktari alinikuta nimejificha nyuma ya bucha ya jirani. Akanionyesha kibomba kidogo cha plastiki.

"Kijana, hii ni nano, sio nane. Ni dawa ya kuziba meno ya mbele. Iko na chembe ndogo sana, macho haiwezi ona."

Nikarudi kitini nimeinamisha kichwa, na kweli, jino likawa zuri kama la kuzaliwa nalo.

Jumamosi nikaingia Keringet nikitabasamu, mpaka nilipomwona mjomba wa Chebet, msemaji wa familia. Alikuwa yule mzee wa kofia. Nikafunga mdomo, nikajua mke ndio ameenda.

"Si ni wewe ulinikimbiza?"

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

Akanitazama weee.

"Msichana tutakupa," akasema mwishowe. "Lakini juu ya ng'ombe, utaleta viatu. Nane."

Jasho likanitoka upya, ila safari hii sikukimbia.

"Jozi nane, mzee, ama namba nane?"

Ilikuwa namba. Tangu siku hiyo soda nafungua kwa opena, na neno la daktari nauliza mara mbili kabla sijaruka.