Lifti Niliyokataa Kupanda na Mama Mkwe

Video mmeiona, kwa hivyo sina haja ya kuwadanganya: yule mwanamume aliyeshikwa mshipi na askari juu ya paa la jengo la Nairobi, jasho limemlowesha hadi soksi, ni mimi. Aibu niliipata, tena ya kutosha, lakini kabla hamjacheka tena naomba mnisikilize, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu hapa Nkubu ambaye angefanya tofauti, labda yule asiye na mama mkwe.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama yake Kendi, mke wangu. Yule mama wa Kianjai amelima na kusomesha watoto maisha yake yote, Nairobi akiiona kwa televisheni tu, basi Kendi na dada zake wakamlipia matembezi ya siku nzima, gari la kukodi pamoja na msichana wa kutuongoza, Shiru, mwenye kipaza sauti na bendera ndogo ya manjano (eti tusipotee). Mimi nilikuwa na shida moja tu, na ninyi mnaijua: mama mkwe kwetu ni muthoni, yaani mkwe wa kuheshimiwa kwa mbali, humpi mkono, humkazii macho, na kugusana naye bega kwa bega ni mwiko. Kwenye gari nilikaa mbele na dereva, yeye nyuma kabisa, kwenye makumbusho mimi nikatazama ndovu yeye akitazama vibuyu, tukaheshimiana vizuri bila wageni kujua lolote.

Sasa tukafika kwenye jengo moja refu, Shiru akatangaza kwamba tunapanda hadi juu kuona jiji lote, na lifti ikafunguka. Jamani, ilikuwa na upana wa choo cha shule! Watu wetu wakajazana humo, mama mkwe katikati, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, mbele ya kifua chake.

"Baba Mwende, ingia, hii haiumi!" Shiru akaita. Kendi akatazama viatu vyake.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli, kwamba kwetu hatufanyi hivyo. Lakini niliogopa yule msichana wa mjini ataniona mshamba, nikajibu, "Nimesahau simu kwa gari," na simu yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi. Wakapanda. Nilipotaka kuingia lifti iliyofuata, mlinzi akaniuliza tiketi, na tiketi zote zilikuwa kwa Shiru, juu huko, kwa hivyo nikamvizia akigeuka, nikaingia mlango wa ngazi. Mimi hupanda kilima na gunia la majani chai mgongoni, ngazi ni kitu gani?

Ngazi ni kitu, ndugu zangu. Kabla hata ya kufika nusu, magoti yalinikana, nikasukuma mlango wa kwanza niliouona ili nitafute maji, na mlango ukaanza kulia king'ora (kulikuwa na maandishi mekundu, ndiyo, niliyasoma baadaye). Watu wa ofisi wakatoka mbio wakidhani ni moto, mama mmoja ameshika viatu mkononi, na nyuma yao askari wawili wakija kwangu moja kwa moja.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Juu. Kuona jiji."

"Kwa ngazi? Na lifti iko?"

Nikawaeleza mambo ya mama mkwe. Wakatazamana, mmoja akanishika mshipi na kusema, "Twende hiyo familia ikutambue."

Tulipotokea juu, Kendi na wenzake walikuwa upande wa mbali wakipigwa picha, na aliyekuwa amebaki karibu na mlango, peke yake kwenye benchi, alikuwa nani? Roho iliniuma sana, wala si kwa ajili ya askari. Siku hiyo ilikuwa yake, naye angerudi nyumbani akisema binti yake ameolewa na mwizi.

"Mama, unamjua huyu?"

Kwa heshima, akageukia ukuta na kujifunika uso kwa leso. Nami, kwa heshima, nikamgeuzia mgongo.

"Unaona? Hata kukuangalia hataki," askari akasema akikaza mshipi, na wageni wengine wakatoa simu zao. Video yenu inaishia hapo, na hapo ndipo inaponionea. Kwa sababu mama mkwe, akiwa bado anatazama ukuta, alisema hivi:

"Wewe askari, achilia yeye. Hiyo ni bwana ya Kendi wangu."

"Mbona humwangalii?"

"Nimwangalie aje na ni muthoni? Kama angeingia hiyo sanduku tufinyane na yeye, hapo ndio ningekwambia simjui."

Mshipi ukaachiliwa. Kendi alikuja akaninunia hadi tulipopita Embu, na ana haki, kwa maana ningesema ukweli pale chini, Shiru angenipa tiketi yangu na mambo yangekwisha. Siku nyingine nitasema mapema, hata kwenye kile kipaza sauti. Lakini lifti ile siingii, leo wala kesho, mwacha mila ni mtumwa.

Na tulipomfikisha Kianjai, mama mkwe alisimama mlangoni, akamwambia Kendi kwa sauti ya kunifikia nikiwa garini: "Mwambie bwana yako mwaka ujao tunaenda Mombasa. Huko nasikia nyumba ni fupi."

Haya, sasa cheka, wewe ambaye mama mkwe wako hajawahi kukualika popote.