Siku Mama Kahambu Alipoachwa Efeso

Mama Kahambu huuza mapazia pale Birere, mjini Goma, au rido kama wateja wake wanavyoyaita, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akiyafuata mwenyewe Istanbul. Huvuka mpaka kwa miguu, hupanda ndege Kigali, na baada ya siku sita amesharudi. Kwa sababu hiyo akina mama wa parokia humwita "mutu wa Uturuki", naye hajawahi kuwakataza. Ukweli ni kwamba Uturuki anayoijua ina barabara tatu tu: ya hoteli, ya maduka ya vitambaa, na ya wafungaji mizigo. Mumewe Sikuli, mwalimu mstaafu asiye na maneno mengi, aliwahi kumwuliza kama kule kuna bahari. Kahambu alifikiri kidogo, akajibu kwamba labda iko, ila yeye hakuwa na kazi nayo.

Taabu ilianza Jumapili moja ya mwezi wa pili, baada ya misa. Padri Télesphore, ambaye alikuwa mgeni parokiani, alimsimamisha mlangoni.

"Mama Kahambu, nasikia unaendaka Uturuki. Basi ulishafika Efeso, kwenye ile nyumba wanasema Mama Bikira Maria aliikalamo mu uzee yake?"

Jina la Efeso Kahambu alilijua, maana lilisomwa kanisani. Kwamba mji huo uko Uturuki, na kwamba kuna nyumba, hayo yalikuwa mapya kwake. Lakini nyuma ya padri walikuwa wamesimama akina mama watano, wote masikio wazi.

"Nilishafika, mon Père," akasema. "Ni kuzuri."

"Vizuri sana. Siku ya Asomption, ile ya Maria kupalizwa mbinguni, utatuelezea sisi wote."

Nyumbani Sikuli alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Benny, uko na miezi sita. Enda uione, uongo yako igeuke kweli."

Safari ya Juni alikwenda na Olive, muuza viatu wa duka la jirani. Walipomaliza kununua, walipanda ndege ndogo hadi Izmir, na asubuhi wakaingia kwenye basi la watalii waliosema Kifaransa. Mwongozaji, mwanaume mrefu mwenye kofia ya majani, alitangaza mpango wa siku: kwanza magofu ya mji wa kale, mji wa Wagiriki na baadaye wa Warumi, kisha nyumba ya Maria kule mlimani.

"Magofu?" Kahambu alimnong'oneza Olive. "Nitoke Goma nikuye kulipia mawe?"

Alishuka hata hivyo, na viatu vyake vya kanisani. Barabara ya marumaru iliteremka baina ya nguzo, laini kama sahani, na kila hatua kumi alimshika Olive mkono. Walipofika kwenye maktaba ya kale, yenye uso wa nguzo za ghorofa mbili, watu wote walitoa simu. Kahambu alizunguka kuangalia nyuma. Hakukuwa na kitu, ukuta tu.

"Kumbe hata Warumi walijuaga kutengeneza mbele peke yake," alisema, akiwaza hoteli fulani za Goma.

Mbele kidogo palikuwa na viti virefu vya mawe vyenye matundu, kimoja kando ya kingine, bila hata kipande cha ukuta katikati. Mwongozaji alieleza kwamba hapo ndipo wanaume wa mji walipojisaidia huku wakizungumza biashara na siasa.

"Wanaume peke yao?" Kahambu akauliza kwa Kifaransa chake cha sokoni.

"Peke yao, Madame."

"Ndiyo maana mji ulianguka."

Kundi zima likacheka. Mwongozaji naye akacheka, kisha akaeleza kilichouangusha kweli. Zamani bahari ilifika pale mwisho wa barabara. Mto ukaleta matope, mwaka baada ya mwaka, bandari ikajaa, meli zikaacha kuja, na wateja wakaenda zao. Mji haukuanguka siku moja. Ulipungua tu.

Mji unaokufa siku moja Kahambu alikuwa anaujua. Mwaka elfu mbili na mbili moto wa volkano ya Nyiragongo uliingia Birere, na duka lake la kwanza, lenye milango aliyoipaka Sikuli rangi ya kijani, liko mpaka leo chini ya hili la sasa, limefunikwa na jiwe. Siku ile alikimbia akiwa na mwanawe Benny mgongoni, na jiwe lilipopoa akarudi akajenga juu. Hakuwahi kufikiri kwamba mji unaweza kufa polepole, na mwenye duka bado anafagia mbele ya mlango wake.

Akaliacha kundi bila kuaga. Nyuma ya nguzo palikuwa na vyumba vilivyopangwa mstari, na hakuhitaji kuambiwa ni maduka. Kwenye kizingiti cha kimoja jiwe lilichimbwa mfereji mwembamba, mahali mbao za mlango zilipopita. Alikipima chumba kwa hatua: nane kwa sita. Lake ni tano kwa nne. Alitafuta upande wa mwanga, akaona ukuta ambao angetundikia rido ndefu. Kisha akaona kizingiti kimelika katikati, kimefanya kama bakuli, kwa miguu ya watu waliokuwa wakiingia.

"Huyu alikuwa na wateja," alisema kwa sauti, na wivu kidogo.

Aliketi ajue mwenye duka alikuwa anakaa upande gani. Alijaribu wa kulia, akajaribu wa kushoto. Aliponyanyuka barabara ilikuwa ya watu wengine, na alipofika langoni basi halikuwapo. Mlinzi alimwonyesha mlima kwa kidole.

Olive aliporudi baada ya saa mbili, akiwa na chupa ya maji ya baraka na picha arobaini kwenye simu, alimkuta Kahambu katika vibanda vya nje. Alikuwa ameshamhamisha muuza mitandio mmoja kutoka juani, na alikuwa anamwonyesha namna ya kutundika ile myekundu mbele.

"Mama, nilizani umelala kule nyuma ya basi," Olive alisema. "Usihangaike. Kamata hizi picha. Nani atajua?"

Kahambu alizichukua.

Siku ya Asomption ukumbi wa parokia ulijaa akina mama. Picha ya kwanza ilipotokea ukutani, nyumba ndogo ya mawe chini ya miti, alianza vizuri: njia, kivuli, kimya cha pale. Mama Nizeyimana, bibi aliyetoka kijiji cha Kibati asubuhi ile, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mi naona Olive. Wewe uko wapi?"

"Mi ndo nilikuwa napiga picha, mama."

"Lakini Olive anajipiga mwenyewe. Mukono yake si ile inaonekana?"

Kahambu aligeuka. Mkono ulionekana, tena mrefu. Alimtazama padri, na padri alikuwa anaangalia dari. Kule nyuma Sikuli alikuwa amefunika mdomo.

"Sikufika," akasema. "Mwezi wa pili nilidanganya padri, na leo nilitaka kuwadanganya ninyi. Basi iliniacha. Nilikuwa nimeikala ndani ya duka ya mutu."

Mama Nizeyimana akasogeza kiti chake mbele.

"Duka ya kuuzisha nini?"

Basi Kahambu akawaeleza. Alieleza kizingiti, hatua nane kwa sita, na vile vyoo, na padri alicheka kuliko wote. Alipofika kwenye matope na bahari iliyokwenda mbali, wakaitikia kwa kichwa, maana wengi pale walikuwa na kitu chao chini ya mawe.

"Na ule mwenye duka," Mama Nizeyimana aliuliza, "alienda wapi?"

"Hata mwongozaji hajui, mama."

"Alifungua ingine, mbele kule," bibi alisema, kama mtu anayetoa habari za jamaa yake. "Si uliona vile alijua kazi."

Padri Télesphore alisimama, akatangaza kwamba mwaka kesho parokia itapanga safari, na Mama Kahambu ataketi kando yake ndani ya basi mpaka wafike mlimani. Kahambu alikubali. Aliomba tu wapitie kwanza ule mji wa kale.