Kahawa ya Kipa

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye bodaboda, nikienda kumwona bibi yangu kijijini Ihanda, Karagwe, na tulipofika karibu na uwanja wa chuo cha ualimu nikasikia filimbi. Nilimwomba dereva asimame kidogo. Mechi ilikuwa inachezwa, lakini watazamaji ungewahesabu kwa vidole. Dereva akaniambia vijana wote wako kwenye kibanda umiza wanaangalia mpira wa Ulaya, kisha akawasha pikipiki maana na yeye alitaka kuuwahi. Nikatazama lile goli la upande wa barabara, lililopakana na migomba ya bibi, na wivu wa miaka ishirini ukanirudia kana kwamba ni wa jana. Usinicheke. Kuna wivu ambao hauzeeki, na wangu mimi ulikuwa wa kumwonea kipa.

Enzi hizo, ndugu yangu, ligi ya kata ndiyo ilikuwa Jumamosi yetu. Timu ya chuo ilicheza na timu za kata za jirani, na mshindi alichukua beberu. Uwanja haukuwa na mashine ya kukatia nyasi. Kila Ijumaa jirani yetu mfugaji aliingiza ng'ombe wake wenye pembe ndefu, wakala mpaka jioni, nyasi zikabaki fupi. Asubuhi yake wanachuo walizoa samadi kwa majembe na kuirusha upande wetu, na bibi aliipokea kwa furaha kwa ajili ya kibanja chake, yaani shamba lake la migomba. Ile iliyosahaulika ilikutana na wachezaji kipindi cha pili. Nakumbuka harufu yake ikichanganyika na ya karanga za kukaanga na rubisi, pombe ya ndizi, ya wazee waliokaa kwenye kivuli cha migomba yetu, wakibishana na mwamuzi.

Bibi hakuujali mpira. Tuliishi wawili tu, mimi na yeye, tangu babu alipofariki na wazazi wangu kwenda kutafuta maisha Bukoba. Nilikuwa na miaka kumi. Kazi yangu ilikuwa kumenya ndizi, kuteka maji na kumkumbusha mahali alipoweka miwani. Nilijua kabisa kwamba mimi ndiye mtu wake.

Siku moja mpira uliruka goli, ukaangukia kibanjani, ukavunja mgomba uliokuwa na mkungu mchanga. Aliyekuja kuomba radhi alikuwa kipa wa chuo, kijana mrefu kutoka Dodoma, na glovu zake amezikumbatia kifuani. Akapiga magoti kabisa. "Shikamoo, bibi. Ni sisi tumekuharibia." Bibi akamwitikia, akamkaribisha kigoda, akaleta kile kikapu chake kidogo chenye kifuniko.

Kama hujafika kwetu nikueleze. Ndani ya kikapu kile kulikuwa na akamwani, yaani kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa zikiwa na maganda yake. Mgeni akiingia, kabla ya maji, kabla ya habari, anapewa hiyo. Hupewa kwa mikono miwili, naye hupokea kwa mikono miwili. Bibi alikuwa akisema aliyepokea kahawa mkononi mwako amekwisha kuingia nyumbani kwako, hata kama bado amesimama mlangoni. Mimi sikuwahi kupewa hata punje moja. Nilipodai, alinijibu kwamba mtoto wa nyumbani hapewi, hujichukulia. Na kweli nilijichukulia, akanigombeza kila mara kwa kuacha kifuniko wazi.

Yule kipa hakujua kwamba hutafunwa na ganda hutemwa. Alitupa kahawa mdomoni akaimeza nzima na ganda lake, machozi yakamtoka. Bibi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi, niliyekuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba wa babu, nikasimama pale na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, roho ikiniuma. Mwaka mzima nilikuwa nimemfanyia vituko vyote ninavyovijua. Huyu kameza kahawa tu.

Akawa anakuja kila siku. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mwenyeji na sikupona. Kigoda changu kikawa chake. Maziwa yaliyotoka kwa jirani mfugaji, yeye kwanza. Bibi, aliyenilaza njaa siku niliyosusa ndizi, alimpikia ugali eti kwa sababu kwao hawajazoea kula ndizi kila siku. Siku ya tatu nilitegemea apewe jembe kama methali inavyotaka, na kweli alipewa, nikafurahi. Lakini aliliinua kana kwamba amezaliwa nalo, akalima, akakata miti yenye panda akaegemeza migomba yote iliyoinama, na bibi akawatangazia majirani. Nani alinitangaza mimi kwa ndoo za maji?

Kilichonimaliza ni pale bibi alipoanza kwenda uwanjani. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa nyuma ya goli, na kila kipa alipodaka, aligeuka na kumwambia aliye karibu, "Huyo ni wa kwangu." Mimi nilikuwa nimekaa upande wake wa pili.

Ikaja fainali, chuo na timu ya kata ya Kituntu. Kabla ya mechi bibi alifunga kahawa kwenye jani kavu la mgomba, akanipa. "Mpelekee mwanangu atafune kabla hajaingia golini."

Mwanangu. Nilizunguka uwanja na kifurushi kile kikiniunguza. Kuila ningeweza, ila nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka kahawa ya bibi isimfikie kabisa, imfikie adui yake. Kwenye goli la mbali alikuwapo kipa wa Kituntu, kijana mfupi mwenye soksi za rangi mbili, anajinyoosha peke yake. Nikapiga magoti kama nilivyofunzwa, nikampa kwa mikono miwili. Alishangaa, lakini ni mtoto wa Karagwe, hawezi kukataa kahawa. Akatafuna, nyingine akazifutika kwenye soksi.

Kituntu walishinda bao moja. Mpira wenyewe ulikuwa mlaini, hata mimi ningeudaka. Ulimponyoka kipa wetu mikononi ukapita katikati ya miguu yake. Bibi aliinamisha kichwa. Nikamwangalia, na sitakudanganya, nilifurahi.

Furaha haikufika hata jioni. Mama muuza karanga alisema amemwona binti wa pale kipa anapokula akimpelekea kipa wa Kituntu kifurushi. Mwingine akaongeza kwamba kifurushi kilikuwa kizito. Kabla jua halijazama, uwanja mzima ulikuwa umekubaliana kwamba kipa ameuza mechi, na mwalimu wa michezo akamvua glovu mbele ya wenzake.

Kesho yake baada ya ibada alikuja, akakaa chini nje, si kwenye kigoda. Bibi akamwekea chakula, hakukigusa. "Bibi, wanasema nimeuza mechi. Wanasema nilimtuma mtoto." Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. Nikasema yote huku nikilia, hata ule wivu nikausema.

Nilisubiri fimbo. Bibi akauliza, "Ulimpa kwa mikono miwili?"

"Ndiyo, bibi."

"Akapokea?"

"Akatafuna."

"Basi huyo wa Kituntu naye ni mgeni wetu," akasema. "Funga kitenge, twende kwanza kwa mwalimu."

Nilisimama mbele ya mwalimu wa michezo na wanachuo wote nikarudia maneno yale. Glovu zilirudishwa. Wengine waliamini, wengine, hasa waliokuwa wameshaanza kuota nyama ya beberu, hawaamini hadi leo. Kisha bibi akatuma ujumbe Kituntu kwa mtu wa baiskeli, na Jumapili iliyofuata makipa wawili walikuwa wamekaa kwangu, wanakunywa maziwa yangu, wanacheka na bibi yangu. Nilipanda wivu mmoja nikavuna miwili.

Yule wa Dodoma alihitimu akaondoka. Siku ya kuaga bibi alimfungia kahawa, naye akaniachia mimi glovu zake. Nilizitupa chooni siku hiyohiyo. Laiti ningekuwa nazo.

Sasa nyuma ya goli lile hakuna anayekaa. Jirani mfugaji alihama na ng'ombe wake, nyasi zimerefuka, na nusu ya kibanja imekuwa fremu za maduka. Dereva aliniacha mlangoni. Bibi alikuwa ameketi barazani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Dada anayemtunza alikuwa amenionya kwenye simu kwamba siku hizi anasahau watu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba." Alinitazama muda mrefu, kwa adabu. "Umetoka mbali? Karibu, mgeni."

Akanyoosha mkono chini ya kigoda, akatoa kikapu kilekile, akafungua kifuniko. Akachagua punje mbili nzuri, akanipa kwa mikono miwili.

Maisha yangu yote ya utoto niliililia kahawa hiyo. Nilipiga magoti nikapokea, nikatafuna polepole, chungu na yenye harufu ileile. Bibi alinitazama kwa upole aliowawekea wageni. Alipogeuka upande, nikaingiza mkono kikapuni nikajichukulia nyingine, nikaacha kifuniko wazi kwa makusudi, nikamsubiri anigombeze.

Alikifunika mwenyewe, akaniuliza kama nimeshakula.