Viatu vya Baridi vya Gari la Dada

Mngurumo ulitangulia. Nilikuwa kwenye sinki nachambua mchicha, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto la Agosti, nikasikia kitu kikinguruma kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba, sauti ya chini, kama mtu mwenye kifua kipana anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Nikadhani jirani amewasha mashine ya kukatia majani. Kisha mngurumo ukazima, na mahali pake nikasikia kicheko cha dada yangu.

Nilitoka na mchicha mkononi. Dada alikuwa ameketi ndani ya gari la bluu iliyokolea, limelala chini karibu na lami, na mikono yake yote miwili bado imeushika usukani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"La nani?" nikauliza.

"La shangazi yako," akasema. "La nani tena? Langu."

Kwa miaka yote tuliyoishi huku ughaibuni, Brooklyn Center, dada alikuwa akiendesha gari la viti saba, ingawa nyumbani tulikuwa sisi wawili tu. Viti vingine vilikuwa vya watu: wageni wa kupokelewa uwanja wa ndege, kwaya, masufuria ya misiba, magodoro ya waliohama nyumba. Yeye ni muuguzi. Alinileta hapa baada ya mama kufariki, akanilea mara ya pili, akanisomesha, na sikuwahi kumwona akijinunulia kitu ambacho hakikuwa na nafasi ya mtu mwingine ndani yake. Gari hili lilikuwa la kwanza. Lilikuwa limetumika, la Kijerumani, lenye injini iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio, na nguvu zake zote zilisukuma magurudumu ya nyuma. Kiti cha nyuma kilikuwa finyu kiasi kwamba sufuria ya pilau isingekaa.

Kanisani walilizunguka wakicheka. "Hilo ni gari la miezi mitano," alisema mama mmoja wa kwaya. "Theluji ikianguka utalipeleka wapi? Mpaka kwenye kona?"

Mzaha ule ukageuka jambo zito Septemba, dada alipopata kazi Duluth, kwenye hospitali iliyo juu ya kilima kinachoteremka hadi ziwani. Angeanza wiki ile inayofuata Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na wakati huo kule kaskazini barabara zinakuwa nyeupe. Mama yule wa kwaya alikuwa na gari la juu, linalosukumwa na magurudumu yote manne, na alikuwa tayari wabadilishane. Dada akamwambia asubiri.

"Nikilipatia viatu vya baridi vya uhakika, yaani matairi ya theluji, kabla ya safari, nakwenda nalo. Nisipopata, ni lako."

Alilisema hilo mbele ya kwaya nzima. Dada yangu akisema jambo mbele ya kwaya, halirudi nyuma.

Basi tukaanza kujifunza. Matairi ambayo gari lilikuja nayo yalikuwa mapana, ya nyuma mapana kuliko ya mbele, na mpira wake ulikuwa wa kiangazi. Asubuhi ya kwanza ya baridi kali, dada alitoka akauminya kwa kidole gumba, kama anavyominya parachichi sokoni, akaniita niuminye na mimi. Ulikuwa mgumu kama kwato. Mpira wa namna hiyo ukikutana na barafu hauna la kusema nayo.

Sisi tumekulia Tukuyu, ambako mvua haijui kupumzika, na tulichokijua kuhusu utelezi ni matope. Kwa hiyo mwanzoni tulitafuta tairi pana, lenye meno makubwa kama ya trekta. Kumbe theluji haitaki hivyo. Tairi pana huelea juu yake. Tairi jembamba huikata hadi kuikuta barabara. Yafaa yote manne yawe sawa kwa sawa, mpira wake uwe laini hata kwenye baridi, na rimu iwe ndogo kidogo ili tairi lipate unene pembeni, maana theluji huficha mashimo. Lakini rimu isiwe ndogo mno. Gari lenye mbio lina breki kubwa, na breki hukaa ndani ya rimu kama mguu ndani ya kiatu. Dada aliandika "18" nyuma ya kiganja chake kwa kalamu, vile wauguzi wanavyofanya, na ilipofutika akaiandika tena. Inchi kumi na nane. Chini ya hapo, hapana.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mzee wa Kikenya, mstaafu wa maabara ya hospitali, ambaye tulimwita Baba. Mkewe, ambaye tulimwita Mama, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Gari la marehemu lilikuwa la kampuni ileile ya Kijerumani, ila dogo, la kawaida. Mzee alikuwa ameliuza, lakini magurudumu yake ya baridi yalibaki, yameegemea ukuta wa gereji, yameoshwa na kufunikwa leso, ile sisi tunayoiita kanga.

Jumamosi moja mwezi wa Novemba alituita. Akaivuta ile leso taratibu, akaikunja mara nne.

"Chukueni," akasema. "Mama angefurahi. Alikuwa anakupenda sana. Angeipenda na hiyo ndege yako."

Dada alipiga goti kidogo, akapokea gurudumu la kwanza kwa mikono miwili, zito vile. Mfukoni mwa koti lake kulikuwa na utepe wa kupimia. Alikuwa akitembea nao wiki nzima. Niliuona mkono wake ukiingia mfukoni, ukaugusa, ukatoka mtupu. Angepimaje? Kwetu zawadi haipimwi mbele ya aliyeitoa. Tukashukuru, tukayabeba magurudumu moja moja, na mzee mwenyewe akatusaidia kulisukuma la mwisho hadi mlangoni petu.

Tulijaribu kesho yake, baada ya ibada, theluji nyepesi ikianguka kama unga unaochekechwa. Dada aliinua gari kwa jeki, akafungua nati, akatoa gurudumu pana la mbele. Mimi nikainua lile la marehemu, nikalisukuma mahali pake. Likaingia nusu, likagonga. Tukalizungusha. Likagonga tena. Rimu ilikuwa imekutana na kile chuma kikubwa kinachobana diski ya breki, na hakuna kati yao aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake. Dada akautoa utepe. Inchi kumi na saba.

Akaurudisha utepe mfukoni. Alirudisha gurudumu la zamani, akakaza nati moja baada ya nyingine, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mpigie yule mama wa kwaya," akasema. "Mwambie aje alichukue."

"Tumwambie Baba kwanza. Labda anajua mtu mwenye nyingine."

"Tukamwambie nini? Kwamba kumbukumbu ya mkewe haitutoshi?"

Siku za kuondoka zilikuwa zimekaribia. Maduka tuliyopiga simu yalisema rimu za gari la namna ile ni za kuagiza, na zingefika wakati dada ameshaanza kazi. Nilimtazama akipitisha kiganja juu ya boneti, akiondoa theluji ambayo ilikuwa inaanguka bado. Nilikuwa na simu mkononi, na sikuweza kupiga.

Hapo ndipo mzee alipotokea uchochoroni, amebeba chupa ya chai. "Nimekuja kuona miguu mipya!" akasema. Kisha akaona. "Mbona haijavaliwa?"

"Tunapumzika kidogo, Baba," dada akajibu.

Mzee akaweka chupa chini, akainama juu ya gurudumu la mkewe, akagusa kwa kidole mchubuko mpya unaong'aa ndani ya rimu.

"Hii imekataa," akasema. "Mlipima?"

Dada akainamia jeki.

"Kwani utepe hamna?"

"Ulikuwa mfukoni, Baba," dada akasema. "Hata jana. Niliona haya."

Mzee akatutazama, mmoja kisha mwingine, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Nyinyi Watanzania mtakufa na hizo adabu zenu! Mkenya angepima, apige na picha, halafu aniulize kama niko na ingine kubwa!"

"Ndiyo maana zawadi mnapewa na risiti yake," dada akasema, na mdomo wake ukacheza kwa mara ya kwanza siku ile.

Kicheko kikapungua. Mzee akabaki amekaa, kiganja chake juu ya mpira. "Niwaambie ukweli," akasema. "Leo asubuhi nimeingia gereji kutafuta koleo la theluji. Nikaona huo ukuta hauna kitu. Nikarudi ndani bila koleo." Akasafisha koo. "Nisaidieni kuzirudisha."

Tukayarudisha yote manne. Aliyapanga kama yalivyokuwa, akaikunjua leso, akayafunika, akaivuta kona moja hadi ikanyooka. Dada alimshika mkono, na walisimama hivyo, hawana haraka, mvuke wa pumzi zao ukichanganyika.

"Haya," mzee akasema mwishowe. "Sasa tutafute kiatu. Na safari hii napima mimi."

Ni yeye aliyempata, kwa kukaa na simu na miwani yake siku nzima: mwanamke mmoja wa Saint Paul aliyekuwa na gari kama la dada, akaliuza, akabaki na magurudumu yake ya baridi. Tukaenda sote watatu, mimi nimekunjwa kwenye kile kiti cha nyuma, na mzee mbele, ameshika mapajani bakuli lililofunikwa kitambaa.

"Baba, hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ugali."

"Tunakwenda kula?"

"Tunakwenda kupima. Utepe hukupa upana wa rimu, hauoni kilicho ndani. Unabandika ugali kwenye breki, unavalisha gurudumu, unazungusha, unatoa. Unene wa ugali uliobaki ndiyo nafasi uliyo nayo. Lakini lazima uwe ugali wa Kenya. Wenu ungetiririka."

"Wetu ni wa kula, Baba," dada akasema, macho yakiwa barabarani. "Kujengea nyumba tunatumia saruji."

Mwenye magurudumu alitupokea mbele ya gereji yake na kikombe cha kahawa mkononi. Mzee alipima. Alipima kipenyo, alipima upana, alipima kina cha meno ya tairi, akalala chali kwenye theluji akachungulia chini ya gari, na yule mwanamke hakuonyesha dalili yoyote ya kuudhika. Aliingia ndani akamletea kipande cha boksi alalie. Kisha mzee akafinyanga donge, akalibandika kwenye chuma cha breki. Mwanamke akauliza ni kitu gani. Mzee akamwambia ni chakula. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba kila mtu hufanya hivyo.

Nikainua gurudumu. Dada alinisogeza, akalishika mwenyewe. Likaingia. Halikugonga. Akalizungusha mzunguko mzima, polepole, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza moyo wa mgonjwa, kisha akalitoa. Ugali ulikuwa bado upo, umebanwa, umekuwa laini juu kama mkate, unene wa kidole kidogo.

"Inatosha," mzee akasema.

Dada akachuchumaa. Aliweka kidole chake kando ya ule ugali, akalinganisha. Halafu akaminya tairi kwa gumba, katika baridi ile iliyokuwa inauma masikio, na mpira ukaminyika. "Inatosha," akasema. Akarudia, safari hii kwa sauti iliyokatika katikati, na mzee akageuka akajifanya anatafuta kitambaa cha bakuli.

Mama wa kwaya alipopigiwa simu alisema alikuwa anajua tangu mwanzo, tena kwenye lile gari angetia wapi mizigo.

Theluji kubwa ilikuja siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani. Dada alinichukua hadi uwanja wa kuegesha magari wa kanisa, mweupe wote, hakuna hata alama ya kiatu. Alikanyaga breki hapa, akakata kona pale, akijifunza mahali ambapo gari linashika na mahali ambapo linaomba kuachwa. Mara moja nyuma iliteleza, tukageuka nusu duara, na dada akapiga kelele ya furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kelele ya msichana, ya mtu ambaye hakuna anayemngojea popote. Akalinyoosha gari. Likamtii. Tulikaa hapo injini ikiunguruma, na nikaacha kuiogopa barabara ya Duluth kwa niaba yake.

Aliondoka Jumapili asubuhi. Mizigo ilikuwa michache. Gari lenyewe halikuruhusu zaidi. Alikagua nati zote, akaacha chungu cha maharage jikoni, akanielekeza namna ya kuzuia mabomba yasigande, jambo ninalolijua tangu mwaka wa kwanza. Nilipoanza kuvaa buti ili nimsindikize, akanishika bega.

"Vua. Kuna baridi."

"Dada, hata mpaka kwenye gari tu?"

"Anayesindikizwa ni mgeni. Mimi hapa ni mgeni?"

Nikatikisa kichwa. Akanifunga kifungo cha juu cha sweta, kile ambacho sikifungi kamwe, akakipapasa. Macho yake yalikuwa yameloa na yanacheka.

"Kula vizuri," akasema. "Na mpelekee Baba yale maharage."

Akachukua begi lake, akatoka. Baridi iliingia ikanigusa miguu. Aliuvuta mlango ukagoma kushika, kama kawaida yake wakati wa baridi. Akauvuta tena, kwa nguvu, ukafunga.