Niliongeza springi za golf cart ibebe watu zaidi, lawama zikamwangukia Bi Riziki

Wakuu, natumai mmeamka salama. Mimi si mwandishi, ni dereva, kwa hiyo nitaeleza yalivyonikuta bila kuongeza chumvi, na pale nilipokosea mimi nitasema nilikosea mimi. Mengine mpaka leo sijayaelewa, ndiyo maana nimeyaleta humu.

Kwetu ni Mpendae, ila kazi nafanya Kizimkazi, kwenye hoteli ndogo iliyo mbali kidogo na barabara kubwa. Kutoka barabarani mpaka hotelini ni njia ya mchanga na mawe, dakika ishirini kwa miguu, na jua la kule mnalijua.

Naendesha golf cart ya umeme. Mbele inakaa watu wawili, mimi na mtu mmoja pembeni yangu. Nyuma kulikuwa na kichanja cha mabegi ya wageni.

Meneja akaja na wazo. Kichanja kitolewe, kifungwe kiti cha watu watatu wanaotazama nyuma, ili asubuhi na jioni nibebe na wafanyakazi. Tulifurahi sote, khasa kina mama wa jikoni na wa usafi.

Siku ya kwanza watatu wamekaa nyuma, kigari kikalala chini kama kuku anayeatamia. Kila shimo tairi zinasugua bodi. Nikawa naenda mwendo wa jeneza.

Nikazifungua springi za nyuma, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya chenzake, nikaenda nazo mjini, Mlandege, kwa fundi mmoja, Othman.

Akazigeuza geuza, akaniambia, "Hizi za kubebea mabegi, si watu. Nikuongezee chuma kimoja kila upande, na shokapu nzito. Hutosikia kitu."

Aliziona springi tu wakuu. Kigari chenyewe hakukiona. Hilo likumbukeni.

Nikafunga. Nikajaza viroba vya mchanga, uzito kama wa watu watatu, nikavipanga vikiegemea mgongo wa kiti changu visije vikadondoka njiani. Nikazunguka. Kigari kimetulia, tairi hazigusi popote. Nikajiona fundi.

Kesho yake asubuhi nikawabeba watu wenyewe. Nyuma walikaa Bi Riziki, mpishi wetu, mama mtu mzima mwenye mwili wake, na wasichana wawili wa usafi, Zuhura na Mwanaidi. Mbele nilikuwa peke yangu.

Karibu na geti pana kipandio, kimwinuko kidogo cha mawe, halafu kona. Nikapanda na mwendo wangu, maana springi mpya zilinipa jeuri. Nikakata usukani.

Kigari hakikukata. Usukani mwepesi kama haukushika kitu, nimeuzungusha mpaka mwisho, chenyewe kinakwenda moja kwa moja kama hakinijui. Tukaingia kwenye vichaka vya mikadi kando ya njia. Zuhura akaanguka, akachubuka mkono wote mpaka kiwiko.

Tulipokwisha kumwinua, Mwanaidi akauliza, "Kwani kimekuwaje?"

Nikajibu, "Uzito umezidi nyuma."

Wallahi sikumtaja mtu. Lakini wote wawili walimgeukia Bi Riziki. Na mimi niliona wamemgeukia, nikanyamaza.

Bi Riziki akachukua mkoba wake. "Nyie nendeni," akasema. "Mimi natembea."

Toka siku ile hakupanda tena. Na goti lake moja ni bovu, kila mtu pale hotelini anajua.

Sasa hapa ndipo kichwa kiliponizunguka. Kesho yake nyuma walikaa watatu wote wembamba. Nikafika kwenye kipandio, usukani mwepesi vilevile. Ningeweza kuuzungusha kwa kidole.

Nikakaza boliti zote za mbele. Nikaongeza upepo wa tairi, nikapunguza. Nikampigia Othman, akanambia springi hazina kosa. Nikarudisha viroba, kigari kikakata kona vizuri kabisa. Nikitoa viroba nikiweka watu, wazimu unarudi. Uzito ni uleule. Nilifika pahala nikajiuliza kama kuna mtu kanifanyia kitu, astaghfirullah.

Na kila asubuhi nampita Bi Riziki njiani, anachechemea, khanga kajitandia kichwani. Nshajua kuwa si yeye. Lakini sikuwa na jibu jengine, kwa hiyo sikusema kitu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ikapita kama wiki mbili. Siku moja nimechutama mbele nafuta tairi, kigari kimesimama. Kina Zuhura wakaja wakakaa nyuma wakinisubiri.

Tairi la mbele likanyanyuka.

Halikuacha ardhi, hapana. Lakini lilikuwa limebonyea kidogo pale linapokanyaga chini, na walipokaa likajaa, likawa duara. Nikawaambia, "Hebu shukeni." Likabonyea. "Hebu kaeni tena." Likajaa. Wakadhani nawafanyia mchezo.

Kumbe kiti nilikifunga nyuma ya ekseli, kile chuma kinachoshika tairi za nyuma. Watu wakikaa pale wanainyanyua pua ya kigari, kama bembea ya ubao, huku kukishuka kule kunapanda. Viroba mimi nilivipanga katikati, mbele ya ekseli, vikiegemea kiti changu. Springi zilifanya kazi yake, nyuma haikulala tena, ila mbele hapakuwa na kitu cha kukandamiza tairi. Na zamani nilikuwa naenda polepole, ndiyo maana sikuligundua.

Nikamwambia meneja kiti kisogezwe mbele, nyuma wakae wawili tu, na pembeni yangu lazima akae mtu. Alinuna, alitaka watatu. Nikamwambia basi atafute dereva mwengine. Akakubali.

Nikaenda jikoni. Bi Riziki alikuwa anakuna nazi.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, kiti, viroba, tairi. Nikamwambia, "Kosa lilikuwa langu. Halikuwa lako hata kidogo."

Hakuacha kukuna. "Hayo nayajua."

"Uliyajuaje?"

"Mwanangu, mimi si nnakuoneni mnanipita kila siku? Mimi simo, na kigari kinayumba vilevile. Nilikuwa nangoja useme."

Nikasema, "Nisamehe."

"Uliponyamaza, ulinyamaza mbele ya watu," akanambia. "Sasa unakuja kusema jikoni."

Jioni ile wafanyakazi wamekusanyika pale kigari kinaposimama, nikasimama nikasema mbele yao wote. Kwamba kiti nilikifunga pabaya mimi, kwamba nilijua mapema si Bi Riziki, na kwamba nilinyamaza. Zuhura alitazama chini.

Bi Riziki akaja taratibu, akawapita waliokaa nyuma, akapanda mbele pembeni yangu. Akaweka mkoba mapajani. Tulipokaribia kona usukani ulikuwa mzito, wa kushika kweli, na kigari kikakata.

Njia nzima alisema neno moja tu. "Punguza."

Nikapunguza.

Mpaka leo anapanda pale mbele kila siku. Salamu anaitikia. Chakula ananitilia kama wengine. Zaidi ya hapo hanambii kitu, na mimi sijui kama kanisamehe au anapanda tu kwa ajili ya goti.

Nilichojifunza ni kwamba springi zinabeba uzito, hazikuambii uzito wenyewe umekaa wapi. Na ukishajua mtu hana kosa, kila siku unayonyamaza unamsingizia upya.

Wanaojua mambo ya springi nikosoeni nilipokosea. Na wanaowajua wamama wa makamo ya Bi Riziki, hebu niambieni: nimuulize, au niendeshe tu?