Manyoya ya Kanga katika Fainali ya Nosy Be

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya sabini, Mkuu wa shule yetu ya Mahabibo, hapa Mahajanga, hakunionyesha darasa. Alinipeleka nyuma ya majengo, kwenye kiwanja cha saruji chenye nyufa na nguzo mbili za mpira wa kikapu zisizo na nyavu. "Madamu," akasema, "wewe ni mwalimu wa michezo. Huu ndio ubao wako." Nilikuwa binti mdogo mwenye domo refu, nikamjibu kwamba ubao wangu una mashimo. Akacheka, na tangu hapo hakunionea huruma hata siku moja.

Nilikabidhiwa timu mbili, ya kikapu na ya badminton. Ninyi walimu wa leo kila mmoja ana mchezo wake. Mimi nilikuwa na wasichana tisa waliocheza yote mawili, na mmoja akiteguka mguu, timu mbili zinachechemea. Kikapu tulicheza nje, asubuhi. Badminton haitaki upepo, kwa hiyo tulifunga wavu ndani ya ghala tupu la mfanyabiashara mmoja wa Mangarivotra, popo wakining'inia juu ya vichwa vyetu. Kinachopigwa kwa raketi si mpira, ni kitu tulichokiita volani: kichwa cha kizibo kilichochomekwa manyoya kumi na sita na kufungwa kwa uzi na gundi. Unyoya mmoja ukivunjika, volani inayumba kama mlevi.

Na yalivunjika kweli! Bidhaa za nje zilikuwa haba miaka ile, hata sabuni tuliipangia foleni. Nilipoomba volani mpya, Mkuu wa shule aliniuliza, "Mikono huna?" Nikajifunza kuzitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya bata bukini, nikizishika juu ya mvuke wa birika ili zisikauke zikakatika.

Msimu ninaousimulia tulizishinda shule zote za mjini, tukaalikwa fainali kisiwani Nosy Be. Wiki mbili kabla ya safari manyoya ya bata yakaniishia. Mama mmoja sokoni akaniuzia ya ndege kanga, magumu, yamenyooka vizuri. Yalikuwa na madoadoa, na waamuzi wanataka nyeupe, basi nikayasugua kwa chaki mpaka yakang'aa. Niliona fahari, siwafichi.

Kwetu Madagaska, ukisafiri na watoto wa watu, unauliza kwanza fady zao, yaani miiko waliyoachiwa na wazee. Huyu hali mbuzi, yule hali kasa. Echata, mchezaji wangu bora, baba yake Mngazija na mama yake Msakalava, akaniambia, "Mimi ni kanga, Madamu. Si kumla tu, hata kumgusa." Nikaandika kwenye daftari la mapishi: Echata, asipikiwe kanga. Vidole vilivyoshika kalamu vilikuwa bado vinanata gundi ya manyoya yale yale, na akili yangu haikuunganisha. Mwiko niliuona ni jambo la sufuria. Jamani, mwalimu mzima!

Siku ya kuondoka bibi yake, tuliyemwita Dady, alimleta bandarini mwenyewe. "Nakupa mjukuu wangu mzima," akasema, "unirudishie mzima."

Kule Nosy Be kikapu tulifungwa kwa pointi moja, wasichana wakalia mpaka wakakaukiwa. Tumaini la kombe likabaki kwenye badminton, mikononi mwa Echata peke yake. Volani za wenyeji zilikuwa mbovu, mwamuzi akachagua zetu. Gemu ya kwanza akashinda, ya pili akashindwa. Wakati wa mapumziko volani ikabingirika hadi miguuni pangu. Nikaiokota. Jasho lilikuwa limefuta chaki, na madoa ya kanga yananitazama.

Hapo ndipo daftari liliponijia kichwani. Mwenye kugusa mwiko wake anaweza kuugua, anaweza kuharibikiwa ngozi, ndivyo wanavyoamini kwao, na mtoto yule aliamini. Na ndani ya boksi hapakuwa na volani nyingine ila za namna ile ile. Mkuu wa shule akaniinamia. "Una nini, Madamu? Mpe nyingine, mwamuzi anangoja."

Nikaitia ile mfukoni. Nikachukua yenye chaki nzima, nikajitia hamnazo. "Endelea, mwanangu," nikamwambia.

Akashinda. Tulibebwa juu juu, Mkuu wa shule akatupa tai yake hewani.

Nilikwenda kwa Dady nikamwambia yote, isipokuwa jambo moja. Nilisema madoa niliyaona baada ya mchezo. Dady alinifokea asubuhi nzima, na nilistahili. Kisha akachanganya maji na udongo mweupe, akamnyunyizia Echata, na mimi akanirashia, mjomba wao akasoma dua. "Yeye hakujua, na wewe hukujua," Dady akasema. "Yamekwisha." Nikaitikia, "Ndiyo, Dady." Echata alikuwa mkekani, anaangalia viganja vyake.

Wiki iliyofuata alinirudishia raketi. "Nibakishe kwenye kikapu tu, Madamu." Nikadhani ni woga.

Baadaye nilihamishiwa Nosy Be, chini ya Mkaguzi wa michezo aliyepima urefu wa wavu kila asubuhi kama fundi nguo, nikakaa huko miaka mingi. Nikarudi Mahajanga kumalizia kazi, magoti yakiwa yamechoka kabla yangu.

Siku ya kuniaga, ofisa wa elimu alisimama akalisifia lile kombe, watu wakapiga makofi. Echata alikuwapo, naye sasa ana wajukuu. Akaja kukaa karibu yangu.

"Niliyaona, Madamu," akasema taratibu. "Kabla yako. Katikati ya gemu ya pili."

"Mbona hukuacha?"

"Wenzangu walikuwa wanalia. Nikasema Madamu akiyaona, yeye ndiye atakayesimamisha, nami sitalaumiwa na mtu. Ndiyo maana niliisukuma ije kwako." Akaangalia viganja vyake. "Ulipoitia mfukoni, nikajua niko peke yangu."

"Na kwa Dady? Mbona ulinisikia nasema uongo ukanyamaza?"

"Wewe ulikuwa mwalimu wangu. Ningekuumbuaje?"

Nimefundisha wasichana kutupa, kuruka, kushindwa bila kununa. Huyu mmoja nilimfundisha kubeba mzigo wangu, akaubeba ujana wake wote na utu uzima wake. Nikamshika mikono ile, nikamwomba radhi kwa sauti, huku machozi yananitiririka. Ofisa wa elimu akadhani nalilia kazi, akawaomba watu wanipigie makofi tena.