Benchi la Zahanati

Mtaani walimwita Mama Viroba, na jina hilo hakulipenda hata kidogo. Yeye alikuwa fundi cherehani, tena fundi wa suti za kiume, wa kuaminika. Lakini tangu aanze kukusanya chupa za plastiki za majirani, hakuna aliyekumbuka suti.

Chanzo kilikuwa zahanati. Alimsindikiza mke wa mwanawe kliniki, mimba imekuwa kubwa, wakakuta wajawazito wamekaa chini barazani, migongo imeegemea ukuta.

"Hata benchi hakuna?" aliuliza.

Muuguzi akapandisha mabega, akaendelea kuita majina.

Mama Viroba alirudi nyumbani amefura. Akashona viroba kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini, akapita mlango kwa mlango. "Chupa tupu msitupe. Zisuuzeni, mzitie humu. Nitaziuza tununue mabenchi ya zahanati." Wote waliitikia ndiyo, tena kwa bashasha. Hapo ndipo alipopaswa kushtuka.

Viroba vilirudi vimejaa, lakini vimejaa nini! Chupa zilikuwemo, ndiyo, pamoja na maganda ya ndizi, mifupa ya samaki, na nepi iliyokunjwa vizuri kana kwamba ni zawadi. Jioni, badala ya kukata vitambaa, fundi alikaa uani akichambua uchafu wa watu. Mumewe alichungulia dirishani, pua kaibana.

"Mke wangu, hii ni sadaka au adhabu?"

"Njoo unisaidie, utajua."

Dirisha likafungwa.

Mwisho mzigo ukatosha, akamwita mnunuzi wa plastiki aje na gari lake. Wakiwa tayari kupakia, akatokea jirani wa mkabala, mwalimu mstaafu, mbio mbio na kiroba chake, akakirusha juu ya vingine. Ndani mlikuwa na chupa ya mafuta machafu ya kupikia, kifuniko kimelegea. Mafuta yakashuka kiroba hadi kiroba. Mnunuzi akainua chupa moja kwa vidole viwili, akaitazama, akaiachia.

"Mama, huu mzigo siuchukui. Umeharibika wote."

Gari likaondoka tupu.

Mama Viroba alisimama pale mpaka vumbi likatulia. Kisha akaanza kubeba. Kila kiroba alikijua kwa kitambaa chake: cha milia cha mwalimu, cha kahawia cha mwenye duka. Akavirudisha, na kila mlangoni akamwaga.

"Unanimwagia taka kwangu?" mwalimu alifoka.

"Shikamoo, mwalimu. Ni zako, nimekurudishia."

Mtaa ukachafuka. Mwenye duka akamnunia, akawa anamhudumia wa mwisho hata kama kafika wa kwanza. Nyumba nyingi zikajitoa. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kumsema.

"Wifi, umegombana na watu wote hawa kwa ajili ya makopo? Si ungetafuta mfadhili?"

"Nimtafute wapi? Nimewatafuta watu wa kusuuza chupa tu, wamenishinda!"

Wifi akaaga, akaondoka. Kesho yake alileta chupa zake mwenyewe, safi, zinang'aa. Na nyumba chache zilizobaki zikawa zinaleta hivyo hivyo, kidogo kidogo. Mwalimu hakuleta kitu tena, wala salamu. Ilichukua muda mrefu mno, na badala ya mabenchi, likapatikana benchi moja. Wakalibeba yeye na wifi hadi zahanati, wakapigiwa makofi.

Alipopita tena siku nyingine pamoja na wifi, wajawazito walikuwa chini vilevile. Benchi lilikuwa ofisini kwa mganga, limepangwa maboksi juu.

"Nje litaibiwa, mama," mganga alijitetea.

"Daktari, haya maboksi yanaumwa mgongo?"

Hakungoja jibu. Alishusha boksi moja baada ya jingine, mganga akimfuata nyuma, "Taratibu, mama, taratibu," na wifi akashika upande wa pili. Walilitoa hadi barazani. Mjamzito mmoja akajikokota, akaketi, akashusha pumzi. Kisha akakunja uso.

"Halafu hapa jua linapiga."

Wifi aliangua kicheko, akashika ukuta. Mama Viroba hakuweza kucheka. Hasira zilikuwa bado hazijamtoka, za nepi, za mafuta, za maboksi.

"Inuka kidogo, mwanangu," alisema akiinama. "Wifi, acha kucheka, shika huko. Tulisogeze."